Mpaka Darajani

Kilolo, 11 Februari 2024

Mume wangu Bartolomeo,

Kamwene. Mwalimu Ambrosi, katekista wetu, alikuwa ameshaandika "dhumuni la barua hii ni kukujulia hali" kabla sijafungua mdomo. Nimemwambia afute. Hali yako naijua: unakula chipsi, hufui soksi, na hujamwandikia bibi yako tangu mwaka uanze. Ya simu usinianzie. Kwenye simu unasema "sawa Bibi" kabla sijamaliza kusema, na huku bondeni mpaka upande mlima ndiyo isikike, kama tunafuata amri kumi. Barua huwezi kuikatiza. Tunaandikia hapa mlangoni mwa kanisa baada ya misa, na Saulo kondakta wa basi la asubuhi ataileta. Ameahidi mbele ya mama yake.

Huku wote wazima. Ulanzi wa mianzi yangu mwaka huu unatoka vizuri mpaka Padre ameuhubiri mara mbili, na mara zote mbili alionekana ana kiu. Shangazi yako Tekla alikuja na wajukuu kutoka Ilula. Siku tatu, wamemaliza maharage ya mwezi. Nimewasindikiza mpaka darajani kama kawaida. Mimi unanijua, hajatoka mgeni kwangu akavuka lile daraja la magogo bila macho yangu kuuona mgongo wake. Kumwachia mtu mlangoni ni kumfukuza kwa adabu.

Baba yako mkubwa Jailos amejenga tena huko Makongolosi. Dhahabu inamwasha mfukoni. Nyumba ina vigae mpaka chooni, na chumba kimoja ameandika mlangoni MAMA, kwa rangi nyekundu, kama hatari ya umeme. Ametamka mbele ya ukoo kwamba siku nitakayoshindwa kufika kanisani kwa miguu yangu atakuja kunichukua. Nimemwambia vigae vinateleza. Mianzi yangu nani ataigema? Na babu yako aliyelala pale nyuma ya nyumba, nani atamsalimia asubuhi? Wao wanasema ni kaburi. Mimi nasema ni mtu aliyenyamaza, na hata alipokuwa hai hakuwa msemaji.

Sasa jambo lenyewe. Nasikia unasomea kukanda watu. Kwa ada. Mimi nimekanda tarafa nzima tangu sijaota mvi, na ada yangu ni kuku, tena mara nyingine kuku mwenyewe mgonjwa. Hebu niambie, wanawafundisha nini kinachozidi mikono?

Bibi yako Veneranda. Hiyo alama nyeusi ni dole gumba langu, usifikiri ni uchafu.


Uyole, 3 Machi 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Na Mwalimu Ambrosi shikamoo, maana najua wewe ndiye unayesoma. Barua imefika ikiwa na mafuta ya maandazi ya Saulo, lakini imefika. Mimi mzima. Soksi nimefua. Malori yanapita hapa usiku kucha mpaka kitanda changu kimehama chenyewe kutoka ukutani. Mama mwenye nyumba, Mama Tumpe, anakusalimu. Anasema mtu anayemfokea mjukuu kwa barua anapaswa kugombea udiwani.

Bibi, unauliza wanatufundisha nini. Mwezi wa kwanza hatukugusa mtu. Tulishonewa makoti meupe, tukapigwa picha. Darasani kuna mifupa ya plastiki imesimama kwenye chuma, tunaiita Mheshimiwa, kwa sababu inasimama mbele siku nzima na haifanyi kazi. Baada ya hapo tukaanza somo lenyewe, na ndilo linaloniua. Linaitwa tathmini. Kabla hujamkanda mtu unatakiwa ujue kinachomuuma ni msuli au ni kiungo, au ni kitu kisichotakiwa kukandwa kabisa, umpeleke hospitali. Tuna fomu ya kurasa nne. Unamuuliza mteja inauma wapi, tangu lini, akifanya nini inazidi. Unamwomba ataje maumivu yake kwa namba, sifuri mpaka kumi.

Nimefeli mara mbili. Siyo kwamba sijui. Wateja ndio hawasemi. Mteja wa kwanza, mama muuza viazi, nilimuuliza hali yake akasema nzuri. Maumivu je? Akasema kidogo tu, tunamshukuru Mungu. Kwenye fomu hakuna kisanduku cha tunamshukuru Mungu, nikaandika sifuri. Kumbe hawezi hata kugeuza shingo. Mteja wa pili aliapa ni mzima, akaondoka anachechemea. Mkufunzi wetu, Bwana Sedekia, amesema jaribio la tatu ni mwezi wa tano. Nikifeli narudia mwaka mzima, na Baba Jailos ndiye anayenilipia. Unamjua. Atanipeleka mgodini nikasukume toroli.

Mjukuu wako, Bartolomeo.


Kilolo, 14 Aprili 2024

Mume wangu,

Kamwene. Pasaka ilipita salama, tumekula mbuzi wa jumuiya, na kila mwaka yule mbuzi anazidi kuwa mdogo na jumuiya inazidi kuwa kubwa. Padre alikuja kubariki nyumba, akabariki na ulanzi kwa kuuonja. Nilimsindikiza mpaka kwenye uzio wa jirani yetu Faustina. Mvua ilikuwa imelainisha njia, nikaona mtumishi wa Mungu atafika darajani na Mungu wake.

Barua yako nimesomewa mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nikakasirika, mara ya tatu nikalala.

Bartolomeo, nani amekulea? Mtu umemvulia viatu, umemlaza kitandani, umevaa koti jeupe, halafu unamuuliza habari yako, naye akujibu mbaya? Kwa watu gani? Hata anayezikwa kesho akiulizwa habari husema nzuri. Maumivu ni kama ombi la kukopa unga, hayatajwi ndani ya nyumba. Mgeni atakaa, atakula, ataaga, utatoka naye, na mkifika pale njia inapokata atasimama na kusema, "Lakini sasa, dada..." Hicho ndicho kilichomleta.

Kwa hiyo usimuulize mtu akiwa amelala. Mwache aage, umsindikize. Kwanza atasema, pili utamwona anavyotembea. Mimi ninapomsindikiza mtu simsikilizi tu, namtazama bega lipi limeshuka, kandambili ipi imeliwa upande, mkono upi haupungi. Nikirudi nyumbani nimeshajua nitashika wapi akija kesho.

Na jambo la pili, liandike kwenye hayo madaftari. Mtoto akilia mlangoni, aliyempiga yuko jikoni. Panapolia siyo lazima ndipo penye ugonjwa. Nimeona bega linalouma kwa sababu ya shingo, na goti linalolia kwa kosa la mahali pengine kabisa. Mpumbavu hukanda kelele.

Mwalimu Ambrosi anasema nimekuwa mkali. Mwambie mwenyewe kama nimekosea. Kula ugali.

Veneranda.


Uyole, 26 Mei 2024

Bibi,

Shikamoo. Natumaini baridi haijaanza kuuma. Mama Tumpe amepata mjukuu, wamempa jina la Baraka kwa sababu alizaliwa kwenye foleni ya mizani ya malori.

Nimefaulu! Hamsini na moja kwa mia, na hamsini ndiyo mpaka. Ilikuwa hivi. Mteja wangu alikuwa mzee mmoja mfugaji, Ng'washi, ametoka upande wa Igawa na ng'ombe wake wawili wa mnada. Mrefu, mpole, ana fimbo. Nikamuuliza habari, akasema nzuri. Ng'ombe je? Wazuri. Mwili? Mzuri. Namba? Akafikiri sana, akasema, "Hamna." Bwana Sedekia alikuwa kwenye kona na kalamu nyekundu, anatikisa kichwa kama mbuzi mwenye kupe.

Nikakumbuka maneno yako. Nikamwambia, haya Mzee, asante, ngoja nikusindikize. Mkufunzi akaniuliza naenda wapi na mtihani. Nikatoka tu. Wafugaji hutembea fimbo imekaa mabegani na mikono yote miwili imening'inia juu yake, si unawajua? Yeye alikuwa ameishika chini, kama mlemavu. Tulipofika getini akasimama. Akasema, "Lakini sasa, kijana, huu mkono." Ng'ombe alimburuta kwa kamba wakati wa masika, na tangu hapo mkono wa kulia haupandi. Hata kofia anavaa kwa mkono wa kushoto.

Nikamfanyia vipimo pale pale getini. Nikamwomba aunyanyue mwenyewe, ukaishia kifuani. Nikamwambia aulegeze, nikaunyanyua mimi, ukapanda wote mpaka juu. Hapo ndipo penyewe, Bibi: kiungo kingekuwa kimekakamaa kingegoma hata kwangu. Kama kwangu unapanda na kwake haupandi, kilichoumia ni kile kinachovuta, msuli au mshipa wake. Kisha nikamwambia ausukume mkono wangu, uso ukamkunjamana. Nikaandika asikandwe kwa nguvu, kwanza aonwe na daktari, huenda msuli umechanika.

Bwana Sedekia alikuwa amenifuata na fomu. Amenikata alama kwa sababu fomu inasema tathmini ifanyike kitandani. Wiki iliyofuata ametoa fomu mpya yenye kurasa tano. Wa tano unaitwa Mbinu ya Sedekia: msindikize mteja. Ameenda kuiwasilisha kwenye semina na amerudi na begi la semina.

Nakushukuru, Bibi. Mbinu ni yako.

Bartolomeo.


Kilolo, 7 Julai 2024

Mume wangu msomi,

Kamwene. Mwambie huyo Sedekia akitaka na ukurasa wa sita aje, ila aje na sukari.

Huku baridi imeshika. Mwalimu Ambrosi amekuja kuandikia hapa jikoni kwangu, kwenye moto, kwa hiyo ukiona majivu usishangae. Mahindi yamevunwa. Mwenyekiti wa kijiji alipita kuandikisha wazee ili, kama alivyosema, tujulikane. Nimemuuliza miaka themanini yote hii nilikuwa nani. Nilimsindikiza mpaka kwenye ule mti wa mpeasi pale mbele. Kulikuwa na umande.

Kuna mtu wa tai alikuja kanisani kuuza bangili za sumaku, zinavuta ugonjwa kutoka kwenye damu. Watu wamenunua kama samaki. Nilimwambia kwamba kama inavuta, basi aisogeze kwenye jembe langu tuone. Haikuvuta hata sindano.

Nina swali, siyo langu. Ni la jirani yangu Faustina, anakuja kwako na barua hii, ana safari ya kumwona dada yake, lakini usimuulize, ana aibu. Goti lake la kushoto linamtesa. Nimelikanda miezi minne, kwa mafuta ya nyonyo, kwa maji ya chumvi, halijibu. Asubuhi limekauka kama ngozi mbichi, akitembea kidogo linalegea, akizidisha linaanza upya. Kuvaa kiatu cha kushoto imekuwa kazi ya watu wawili. Kwenye madaftari yenu kuna dawa?

Jailos ametuma picha ya kitanda. Kina vioo kichwani. Nani anataka kujiona amelala?

Veneranda.


Uyole, 21 Julai 2024

Bibi,

Shikamoo. Faustina amefika. Alishuka kwenye basi na gunia la maharage kichwani, akapanda ngazi za Mama Tumpe mbili mbili, akaimba nyimbo mbili za kwaya na kuonyesha jinsi zinavyochezwa. Sikumuuliza kitu, kama ulivyoagiza. Nilimsindikiza mpaka kituoni. Aliniacha nyuma.

Pia kwenye mfuko wa barua kulikuwa na bangili ya sumaku. Alisema umeona hazifai, nimpe mtu yeyote. Alisema moja umebaki nayo.

Baba Jailos alinipigia jana. Ameuliza Bibi anaendeleaje. Nimesema mzima.

Nina swali moja tu. Mgeni wako wa mwisho ulimsindikiza mpaka wapi?

Bartolomeo.


Kilolo, 25 Agosti 2024

Bartolomeo,

Umekuwa polisi? Mgeni wa mwisho alikuwa Tekla. Aliondoka mimi nimekaa napukuchua mahindi. Mikono ilikuwa na kazi. Misa ya Jumapili hizi nasikiliza kwenye redio, kwaya ya redio haikosei.

Jailos umemjibu vizuri. Endelea kumjibu hivyo hivyo.

Mianzi mizima. Babu yako mzima.

V.


Uyole, 1 Septemba 2024

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Leo nakuomba usikilize mpaka mwisho, na barua, kama ulivyosema, huwezi kuikatiza.

Lakini kwanza niseme na Mwalimu Ambrosi. Mwalimu, ninayemwandikia ni mteja wangu, na kanuni ya kwanza ya kazi yetu ni siri ya mteja. Wewe umeshaanza kusoma, kwa hiyo umeshaapa. Habari hii isiende kwenye maombi ya Jumapili, na isifike Makongolosi.

Bibi, nimekufanyia tathmini. Mwezi wa pili ulimsindikiza Shangazi Tekla mpaka darajani. Pasaka, Padre ukamwachia kwenye uzio wa Faustina, ukasema ni utelezi. Mwezi wa saba Mwenyekiti ukamwachia kwenye mpeasi, ukasema ni umande. Mwezi wa nane Shangazi akaondoka umekaa, ukasema ni mahindi. Mimi mwenyewe ulinisindikiza ukiwa na homa ya malaria, tena mvua inanyesha, mpaka magogo ya daraja. Bibi, kwako mtu hajawahi kuachiwa mlangoni. Goti la Faustina ni la kwako.

Na siyo goti. Umesahau maneno yako mwenyewe, mtoto akilia mlangoni aliyempiga yuko jikoni? Miezi minne umekanda kelele. Fanya hivi. Lala chali kitandani, kunja goti la kulia, Faustina akushike kisigino, augeuze mguu taratibu nje na ndani. Halafu wa kushoto. Kama wa kushoto unagoma hata ukiulegeza, na maumivu yanakuja kwenye kinena, basi ni nyonga, kiungo chenyewe, inatuma kilio chake kwenye goti. Hapo hakuna mafuta ya nyonyo yatakayofika. Usikande tena. Nitakuja Jumamosi ya wiki inayofuata, twende hospitali ikapigwe picha.

Najua kwa nini hukusema. Mimi sitamwambia Baba Jailos. Lakini Bibi, kama hutembei, chumba chenye maandishi mekundu kinakusogelea chenyewe.

Wako, Bartolomeo.


Kilolo, 3 Novemba 2024

Mume wangu,

Kamwene. Wote wazima, isipokuwa anayejulikana.

Tangu urudi Uyole sijakuandikia, nilikuwa na mambo. Kwanza sikukusimulia siku ile Mwalimu Ambrosi aliposoma barua yako. Alipofika pale pa kiapo alivua miwani. Nikajua kesho kijiji kizima kitaniletea uji. Kumbe akasema, "Mama, mimi najua tangu Juni. Kwa nini unafikiri nilihamia kuandikia jikoni?" Halafu akaniomba nikuulize na habari za bega lake la kulia. Anaandika haya sasa hivi na amegoma kuyafuta mpaka nimwambie una dawa. Mpe.

Kipimo cha kisigino tulikifanya kabla hujaja, sikukwambia, nilitaka nikuone ukikosea. Wa kulia uligeuka kama mlango wa kanisa. Wa kushoto ulikaa kama mlango wa ofisi ya kata. Kwa hiyo daktari alipokuja na ile picha, nyonga imelika, mimi nilikuwa nimeshaiomboleza habari hiyo siku tano. Nilichoshangaa ni kwamba mifupa yangu ni myeupe hivyo. Alivyosema haiponi, inatunzwa tu, nilimfikiria Jailos.

Sasa Jailos. Nilimwambia mwenyewe. Usishtuke. Nilipandishwa mlimani kwa pikipiki, nikashika simu ya Saulo, nikasema nyonga imelika, nina fimbo, kanisani sifiki, njoo. Nilichoka kusema umande.

Alikuja Jumamosi na gari jipya. Daraja la magogo halipitishi gari, kwa hiyo aliliacha ng'ambo, akaja kwa mguu na viatu vya kung'aa, vikafika having'ai. Akala. Akasema, "Mama, funga nguo." Nikamwambia mgeni akishakula huaga. Aage, nimsindikize. Nikishindwa kuupita mpeasi, nitaendelea mgongoni kwake mpaka kwenye gari na sitasema neno. Nikiupita, aniache nyumbani kwangu. Akakubali haraka, nikaona anavyonidharau, akafanana na baba yake.

Tukatoka. Fimbo mkono wa kulia, kama ulivyonionyesha, nikabisha kwamba mguu mbovu ni wa kushoto, ukasema ndivyo hivyo, na kweli ndivyo. Wiki hizi zote nilikuwa nafanya lile zoezi lako la kusimama na kukaa, mara kumi asubuhi, mbele ya babu yako, yeye akihesabu. Kwenye mpeasi nikapumzika, Jailos akaanza kutabasamu. Nikainuka. Nikaupita. Njia ile inashuka, Bartolomeo, sikuwa najua inashuka kiasi hicho. Nilikuwa nahesabu mawe. Tulipofika kwenye uzio wa Faustina mguu ulikuwa unatetemeka kama mbuzi wa Pasaka, na Jailos alikuwa analia, mwanaume mwenye nyumba tatu.

Akasema, "Mama, inatosha, rudi." Nikamwambia sijamaliza kumsindikiza. Akasimama pale pale akasema, kwa sauti ya chini, kwamba kule Makongolosi hakuna mtu anayemsindikiza. Kumbe naye alikuwa anasubiri mahali njia inapokata. Nikamshika mkono. Nimemwambia chumba asikifute, nitakwenda kumsalimia Krismasi, na atanisindikiza kwa gari mpaka darajani.

Darajani sijafika. Kwenye fomu yako usiandike sifuri, wala usiandike tunamshukuru Mungu. Andika bado. Na ukija, njoo bila koti, ule, ukae, kisha uage.

Bibi yako,
Veneranda.

Dole gumba limewekwa. Mwalimu Ambrosi naye ameweka lake, kwa mkono wa kushoto.